Ngome na Wenyewe

Watu wengi wakisikia neno makumbusho hudhani ni ghala la vitu vikuukuu: vigae, mizinga iliyoliwa na kutu, mifupa, na bawabu anayesinzia mlangoni. Dhana hiyo haikuzuka bure, kwa maana ziko nyumba za namna hiyo, ambazo wenyeji hupita mbele yake kila siku wasiingie. Lakini iko moja ambayo wenyeji wa mji wake waliijua sana kabla haijawa makumbusho, nao walikuwa wakimwomba Mungu wasiingizwe humo. Nayo ni Ngome ya Mombasa, iitwayo katika ramani Fort Jesus.

Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593 juu ya mwamba wa matumbawe, kwa ramani ya Mtaliana Giovanni Battista Cairati. Mwaka wa 1631 Sultani Yusuf bin Hassan, ambaye Wareno walimlea Goa na kumbatiza, aliwaua Wareno waliokuwamo akaitwaa. Mwaka uliofuata akaiacha. Mwezi wa Machi 1696 watu wa Oman wakaizingira, wasiipate hata Desemba 1698. Merikebu moja ya Kireno, Santo António de Tanna, ilizama chini ya kuta zake mwaka wa 1697 wakati wa vita hivyo. Tangu 1977 hata 1980 wapiga mbizi wenye elimu ya mambo ya kale waliyachunguza mabaki yake, na baadhi ya vitu walivyovitoa baharini vimewekwa ndani ya ngome. Baadaye akina Mazrui waliishika kwa takriban karne moja, mpaka mwaka wa 1837.

Mambo hayo husimuliwa sana, na ni haki yasimuliwe. Lakini mwaka wa 1895 Waingereza waliigeuza ngome kuwa jela, na jela ikadumu mpaka 1958, yaani miaka 63. Wataalamu wa lugha hueleza kwamba neno letu gereza latokana na igreja, ambalo kwa Kireno ni kanisa. Kanisa lilikuwa ndani ya ngome, ngome ikaitwa kwa jina la kanisa, na ngome zilipotiwa wafungwa, jina likaenda pamoja nao. Sijui neno jingine lililoporomoka kutoka mahali pa juu hivyo.

Jela ilipohamishwa, Gulbenkian Foundation ya Ureno ilitoa fedha za kuitengeneza ngome, na kazi ikasimamiwa na James Kirkman, yule aliyechimbua magofu ya Gedi. Majengo ya jela yaliondolewa ili ya kale yaliyofunikwa yaonekane, na mwaka wa 1960 lango likafunguliwa kwa watu wote. Simlaumu Kirkman. Alikuwa akitafuta karne ya kumi na saba, na hakuna aonaye vitu vyote viwili vilivyolaliana mahali pamoja. Hata hivyo, kila makumbusho huchagua. Kiinuliwacho mbele ya macho ya watu hukificha kingine, na wanaokumbuka kilichofichwa aghalabu si wale waandikao vibao vya maelezo.

Niliwahi kuwapeleka huko wanafunzi wangu wa kidato cha pili. Tulitazama vyungu na sahani za Kichina, tukatazama michoro ya merikebu iliyochorwa ukutani na Wareno. Wanafunzi walikuwa watulivu mno, na mwalimu yeyote ajua utulivu wa namna ile maana yake nini. Ndipo kijana mmoja akamwuliza mwongozaji, "Shikamoo mzee. Chumba alichofungwa babu yake baba yangu kilikuwa wapi?"

Nilidhani mzee yule atamkatiza, maana swali halikuwa katika mpango wa matembezi. Akaitikia salamu, akamshika bega, akamtoa uani, akamwambia kwamba majengo ya wafungwa hayapo tena, ila yalikuwa humu humu tuliposimama. Kisha yeye akauliza, "Alifungwa kwa nini, mwanangu?" Kijana akasema ni kwa kutolipa kodi, na kwamba kwao husimuliwa jinsi mkewe alivyokuja kila Ijumaa kusimama nje ya lango, ingawa hakuruhusiwa kumwona. Wageni wawili watatu waliokuwa wakipita wakasimama. Kwa dakika chache mtoto akawa msimulizi, na mwenye kazi ya kusimulia akawa msikilizaji.

Tangu mwaka wa 2011 ngome hiyo imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Ni heshima kubwa, nami naifurahia. Lakini mwanamke yule wa langoni hayumo katika orodha yoyote, na yeye pia ni habari ya ngome.

Tuliporudi shuleni niliwaagiza wanafunzi wawaulize wazee wao. Juma lililofuata waliniletea majina saba ya watu waliofungwa humo. Jina moja lililetwa na wawili, kila mmoja kutoka ukoo wake: wa kwanza alisema mtu huyo aliiba ng'ombe, wa pili akasema alikataa kulipa kodi. Mpaka leo hawajapatana, na kila likizo mmoja wao hurudi na shahidi mpya.