Utaratibu wa Idadi: Uso wa Pieve ya Santa Maria, Arezzo, na Hukumu ya Vasari

Giorgio Vasari, mchoraji, msanifu majengo na mwandishi wa wasifu wa wasanii wa Italia, alizaliwa Arezzo mwaka 1511. Kanisa la Pieve ya Santa Maria lilikuwa la mji wake, lakini hakulionea huruma. Katika toleo la 1568 la kitabu chake aliutaja uso wa kanisa hilo kuwa mfano wa ujenzi uliokosa utaratibu: nguzo nene zimechanganywa na nyembamba, nyingine zimesokotwa, nyingine zimefungwa pamoja, na wanyama wamebebeshwa mizigo. Kipimo chake kilikuwa Roma ya kale. Makala haya yanadai kwamba utaratibu upo, ila Vasari aliutafuta kwenye umbo la nguzo moja moja, ilhali waashi waliuweka kwenye idadi yake.

Tuanze na hadhi ya jengo. Katika Italia ya zama za kati, pieve lilikuwa kanisa lenye kisima cha ubatizo, na makanisa madogo ya jirani yalilitegemea jinsi vigango vinavyoitegemea parokia. Kanisa kuu la jimbo la Arezzo lilikuwa kwenye kilima cha Pionta, nje ya kuta za mji, hadi Papa Innocent III alipoagiza mwaka 1203 lihamishiwe ndani. Pieve, kwa upande wake, ilikuwa katikati ya watu, mgongo wake ukiwa kwenye uwanja wa Piazza Grande. Lilikuwa kanisa la raia, na uso wake ulijengwa ili usomwe na wapita njia.

Chini kuna matao matano yaliyozibwa. Juu yake zimepangwa safu tatu za nguzo: ya kwanza ina nguzo 12, ya pili 24, ya tatu 32. Safu ya pili ni maradufu ya ile ya kwanza. Ya tatu inaongeza theluthi. Kadiri jicho linavyopanda, nafasi kati ya nguzo zinabana, na katika safu ya juu kabisa matao yanatoweka, nguzo zikabeba boriti ya mawe moja kwa moja. Ndani ya hesabu hiyo isiyoyumba, mchongaji aliachiwa uhuru wote: nguzo hii ina mikunjo, ile imekuwa umbo la binadamu. Utofauti huo haukuvuruga mpango. Uliwezekana kwa sababu mpango ulikwisha kushikwa na idadi.

Kanuni hiyo inaonekana pia penginepo. Ndani ya tao la mlango mkuu imechongwa miezi 12. Januari ni mtu mwenye nyuso mbili, mmoja ukitazama mwaka uliopita na mwingine ule ujao. Baadaye huja mavuno ya zabibu, na mwishoni nguruwe anachinjwa. Kila mwezi una kazi yake, lakini mfuatano haubadiliki, na mkulima aliyeleta mtoto kubatizwa aliutambua mwaka wake mwenyewe. Mnara wa kengele, uliokamilika mwaka 1330, una madirisha pacha 40: mawili kila upande, katika ghorofa tano.

Hadhi ya Pieve ilionekana ndani yake pia. Mwaka 1320 Askofu Guido Tarlati alimwagiza mchoraji Pietro Lorenzetti wa Siena picha ya altare kuu. Katikati yupo Bikira Maria na Mtoto, na pembeni watakatifu wanne, akiwamo Donato, msimamizi wa Arezzo. Askofu mwenye kanisa kuu lake alipeleka kazi ya thamani hiyo kwenye Pieve. Uzito wa kanisa hili machoni pa mji hauhitaji ushahidi zaidi.

Vasari mwenyewe aliiondoa picha hiyo kwenye altare kuu na kuweka altare ya ukoo wake. Karne ya 19, warekebishaji waliotaka kuirudishia Pieve sura yake ya zama za kati waliziondoa kazi za Vasari, na altare yake ikahamishiwa kanisa la Badia. Walidhani wanamsahihisha, kumbe walirithi kosa lake: walichagua enzi moja kuwa kipimo, wakaliondoa lisilolingana nayo. Anayechunguza makanisa ya namna hii ana wajibu wa kutafuta kwanza kile ambacho jengo lenyewe linakirudia, ndipo aseme limepungukiwa na nini.