Mashua Iliyojifunza Kujificha

Ukitaka kugeuza boti ndogo iwe ya kuwindia bata, kazi ya kwanza ni kuua mng'aro. Bata mwitu huona rangi vizuri kuliko sisi, na boti ya alumini inayometameta alfajiri ni kama king'ora kwake. Kwa hiyo jamaa wa Louisiana au Maryland akipata boti kuukuu ya uvuvi, ile yenye sakafu bapa, huanza na msasa, kisha rangi iliyofifia, kahawia ya nyasi zilizokufa. Halafu husimamisha fremu ya mabomba mepesi inayokunjika, akaivika nyasi kavu, mara nyingi nyuzi za mwale, ule mti wa jamii ya mitende unaomea huku Afrika na Madagaska. Mwishowe hupiga hesabu ya uzito: watu wawili, mbwa aliyelowa, magunia ya bata bandia, bunduki, na hiyo fremu yenyewe. Wengi husahau hesabu hiyo. Na maji ya Novemba kule hayana huruma, ukipinduka na mabuti marefu umeenda.

Nimefuatilia historia ya boti hizi kwa miezi, bila digrii (niliacha chuo mwaka wa pili) na bila mhadhiri wa kunisumbua. Kilichonishika si bata. Ni wale mafundi.

Mwaka 1836, fundi wa mashua aitwaye Hazelton Seaman, wa kijiji cha West Creek jimboni New Jersey, alitengeneza kitu cha ajabu. Ni mashua ya futi kumi na mbili hivi, pana na nyembamba ya kimo kama kijiko kilichofunikwa, karibu yote imefungwa kwa sitaha, imeachwa tundu tu la mtu kuingia. Unajilaza humo, unaifunika sitaha kwa nyasi, unabaki kuwa kichuguu kinachoelea. Ikaitwa jeneza la shetani, baadaye sneakbox. Ilikwenda kwa kasia, kwa tanga, hata juu ya barafu. Nathaniel Bishop aliipiga kasia kutoka Pittsburgh mpaka Ghuba la Mexico, 1875 hadi 1876, akaandika kitabu kizima. Safari ndefu kwa kitu kilichobuniwa ili kisionekane kikitembea!

Lakini Seaman alikuwa mpole. Wengine walienda mbali zaidi. Kwenye maji mafupi ya Susquehanna, mbele ya mji wa Havre de Grace, watu walitumia sinkbox: sanduku lenye umbo la jeneza, limezungukwa na mabawa ya mbao na turubai yanayolala juu ya maji. Juu ya mabawa hupangwa bata wa chuma, uzito wao unalizamisha sanduku mpaka ukingo wake unalingana na maji. Mwindaji analala chali ndani, macho yake yako usawa wa mawimbi, na mamia ya bata wa mbao wanaelea kumzunguka. Bata wa kweli hakuwa na sababu ya kushuku. Wimbi moja kubwa likija, jamaa anaoga ndani ya jeneza lake.

Kulikuwa pia na bunduki ya mashua, yenye mtutu mrefu kuliko mtu. Hailengwi kwa bega. Inafungwa kwenye mashua bapa, nawe unalenga kwa kugeuza mashua yote, usiku, kimya kimya kwa kasia fupi. Mshindo mmoja wa marisau uliweza kuua makumi ya bata waliolala, na mashua ikarudishwa nyuma na teke lake. Hapo chombo cha mvuvi kilikuwa kimeshakuwa kitako cha bunduki.

Haikuwa burudani, ilikuwa ajira. Reli ilipofika, bata wa Chesapeake walisafirishwa kwa mapipa hadi hoteli za Philadelphia na New York, ambako matajiri walilipa vizuri. Serikali ilianza kuwaandama wawindaji mapema. Mwaka 1838 New York ilipiga marufuku masanduku hayo. Wawindaji wakavaa vinyago usoni, wakatishia kuwapiga risasi watakaowachongea, na sheria ikafutwa. Ikaja sheria ya Lacey ya 1900 dhidi ya usafirishaji wa nyama ya magendo baina ya majimbo, kisha ile ya 1918 iliyomaliza biashara ya ndege wahamaji na kuzikataza bunduki kubwa. Mwaka 1935 sinkbox nayo ikapigwa marufuku nchi nzima.

Sheria ziliokoa bata, hilo sibishani nalo. Lakini angalia nani alibaki majini. Klabu ya uwindaji ya Currituck, North Carolina, ilianzishwa 1857 na matajiri wa New York, na wanachama wa klabu kama hizo waliendelea kupiga bata kwa raha zao. Aliyekatwa ni yule aliyeuza. Sisi Wakenya tunaijua hadithi hii kwa sura nyingine: enzi za mkoloni, mzungu mwenye leseni aliitwa mwindaji, Mwafrika mwenye upinde akaitwa jangili. Bata au ndovu, swali ni lilelile. Kwa nini njaa ndiyo ishtakiwe kwanza?

Hata hivyo jibu si jepesi. Tangu 1934 kila mwindaji wa bata mtu mzima Marekani hununua stempu ya bata kila mwaka, iliyoanza kwa dola moja, na karibu pesa yote hununua ardhi oevu. Yaani anayelipia kinamasi kisikaushwe ni huyuhuyu anayepaka boti yake rangi ya nyasi.

Naye anafanya kazi ndani ya sheria zilizoandikwa kwa sababu ya babu zake. Kujificha chini ya uso wa maji bado ni haramu, ndiyo maana fremu yake inapanda juu badala ya sanduku kuzama. Na haruhusiwi kufyatua risasi boti ikiwa inasukumwa na injini: izimwe, na boti iishiwe mwendo kwanza. Kwa hiyo hata aliyenunua injini ya bei kali, akipanga vitu vyake, bado huacha nafasi ya upondo.