Mchungaji Aliyepanda Treni na Mgonjwa

Sisi tunaoishi karibu na Mwadui tunaijua sura ya mtu anayetoka machimboni. Vincent van Gogh aliijua pia. Mholanzi huyu, mtoto wa mchungaji, alizaliwa mwaka 1853. Leo anatajwa duniani kote kama mchoraji, lakini kabla ya hapo alikuwa mwinjilisti wa wachimba makaa ya mawe huko Borinage, Ubelgiji. Alifika mwishoni mwa mwaka 1878. Akagawa nguo zake, akahamia kibandani na kulala juu ya majani makavu, akawauguza walioumia shimoni. Wakubwa wake walimwona amepitiliza, tena si mhubiri hodari, na katikati ya mwaka 1879 hawakumwongezea mkataba. Mwaka uliofuata akaingia kwenye uchoraji moja kwa moja.

Ugonjwa ulijitokeza wazi mjini Arles, kusini mwa Ufaransa, Desemba 1888, usiku ule alipojikata sikio. Madaktari bado wanabishana ulikuwa ugonjwa gani. Wengine husema kifafa. Mimi naangalia majirani. Mapema mwaka 1889 watu wapatao 30 walitia saini barua kwa meya wakitaka aondolewe mtaani, na polisi wakaifunga nyumba yake.

Kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakumkimbia: Frédéric Salles, mchungaji wa Kiprotestanti pale mjini. Alimtembelea hospitalini, akamwandikia barua Theo, mdogo wake Vincent aliyekuwa Paris, ili ndugu wajue hali ya mtu wao. Tarehe 8 Mei 1889 akapanda treni pamoja naye hadi hospitali ya wagonjwa wa akili ya Saint-Rémy, majengo ambayo zamani yalikuwa monasteri. Baadaye alimweleza Theo kwamba mgonjwa alikuwa mtulivu safari nzima, akajieleza mwenyewe kwa daktari, na wakati wa kuagana alimshukuru sana.

Vincent alikaa pale mwaka mmoja, akachora picha zipatazo 150. Wapo wanaosema wazimu ndio uliompa kipaji. Sikubaliani nao. Ugonjwa ulipopanda hakuweza kufanya kazi. Kuna nyakati alikula hata rangi zake. Alichora ulipompa nafasi.

Julai 1890 alijipiga risasi, akafa tarehe 29, ana miaka 37. Padre wa Auvers, kijiji ambacho kanisa lake Vincent alikuwa amelichora mwezi uliotangulia, alikataa gari la parokia lisibebe maiti ya mtu aliyejiua. Ikabidi liazimwe la kijiji jirani.

Neno kichaa ni jepesi mdomoni. Jirani zetu Kenya wanaye mchoraji aliyeacha ualimu ili achore. Hakuwa mgonjwa, ila watu walisema amerukwa na akili. Basi akajipa jina la Sane, ambalo kwa Kiingereza ni mwenye akili timamu, na kwa jina hilo, Sane Wadu, anafahamika mpaka leo.

Tanzania tuna historia yetu pia. Lutindi, katika milima ya Usambara, wamisionari wa Kijerumani walianzisha mwaka 1896 kituo cha watoto waliokombolewa utumwani. Miaka michache baadaye kikaanza kupokea wagonjwa wa akili, na hadi leo ni hospitali yao chini ya Kanisa la Kilutheri. Mirembe ya Dodoma, ya serikali, ilikuja baadaye, mwaka 1927. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba kazi hii ni ya serikali peke yake.

Kutoka Mhunze hadi Mirembe ni safari ndefu. Nimeona familia ikikodi gari usiku ili majirani wasione, mgonjwa amefungwa kamba mikono, mama yake ameshika mfuko wa nguo. Jumapili iliyotangulia tulikuwa tumemwombea kwa sauti kubwa, na wengine walinong'ona kwamba amerogwa. Ndani ya gari kulikuwa na nafasi mbili wazi.