Emin Pasha na Kambi Iliyozaa Bukoba

Wanaosikia jina la Emin Pasha hudhani alikuwa Mturuki au Mwarabu. Kumbe alizaliwa Eduard Schnitzer tarehe 28 Machi 1840 huko Oppeln, Silesia, mji ambao leo uko Polandi, katika familia ya Kiyahudi. Akasomea udaktari, akahamia dola ya Waturuki, akajifunza lugha yao na kuchukua jina jipya la Emin.

Alifika Khartoum mwishoni mwa 1875. Jenerali Mwingereza Charles Gordon akamfanya tabibu wake mkuu, kisha akamtuma kwa Kabaka Mutesa wa Buganda na Omukama Kabalega wa Bunyoro. Mwaka 1878 akawa gavana wa jimbo la Ikweta, kusini mwa Sudan. Pasha kilikuwa cheo cha magavana na majenerali wa dola ya Waturuki, na Emin alikipata bila kusomea vita.

Khartoum ilipoangukia mikononi mwa waasi Januari 1885 na Gordon kuuawa, Emin alibaki kando ya Nile na askari wake tu, bila msaada kutoka nje. Mpelelezi Henry Morton Stanley alimfikia Aprili 1888. Miezi michache baadaye askari walewale wakaasi na kumweka kizuizini Dufile. Hatimaye akakubali kuondoka na Stanley kwenda pwani.

Walifika Bagamoyo tarehe 4 Desemba 1889, na Wajerumani wakawaandalia karamu ghorofani. Emin, ambaye macho yake yalikuwa mabovu mno, alikwenda dirishani akidhani ni roshani. Akaanguka hadi chini, akaumia vibaya kichwani, akalazwa kwa wiki kadhaa.

Alipopona akaingia utumishi wa Wajerumani. Tarehe 26 Aprili 1890 aliondoka Bagamoyo na msafara mkubwa kuelekea bara, kuwapatia Wajerumani nchi za kandokando ya Ziwa Viktoria. Lakini tarehe 1 Julai mwaka huohuo, huko Ulaya, Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba ulioiacha Buganda kwa Waingereza. Mpaka wa magharibi mwa ziwa ukachorwa kwenye latitudo ya 1 kusini, na Bukoba iko chini kidogo tu ya mstari huo. Hapo ndipo Emin alipojenga kituo, Novemba 1890.

Hakukaa sana. Alikuwa mtu wa ndege na mimea, mwenye kuchuna ngozi za ndege, kuzipima na kuziandikia, akiinamia karatasi hadi pua ikaribie kuigusa. Februari 1891 akaelekea magharibi kupitia Karagwe pamoja na mwenzake Franz Stuhlmann. Oktoba 1892 aliuawa Kinena, mashariki ya Kongo, kwa amri ya Kibonge, mmoja wa wakuu wa biashara ya watumwa.

Wahaya, wenyeji wa Bukoba, ndio walioachiwa matokeo. Kabla ya hapo falme zao, Kiziba, Kyamtwara, Kianja na Ihangiro, zilishindana zenyewe kwa zenyewe, huku Buganda ikizinyemelea kutoka kaskazini. Boma la Bukoba, alilolishika ofisa Mjerumani Wilhelm Langheld, liligeuza mizani hiyo. Mutatembwa wa Kiziba hakuelewana nalo. Kahigi wa Kianja, ambaye eneo lake lilifika Kamachumu, leo Wilaya ya Muleba, alisoma hali mapema kuliko wenzake. Akawa rafiki wa Wajerumani, himaya yake ikapanuka, na ikulu yake ya Kanazi ikapata heshima isiyo na mfano Buhaya. Aliitawala Kianja hadi 1916, mwaka ambao Wajerumani waliipoteza Bukoba.