Tezi nne ndogo na kapteni aliyefupika

Hebu pitisha kidole mbele ya shingo yako, chini kidogo ya koo. Hutazigusa, lakini nyuma ya tezi ya thairoidi zimejibanza nyingine, kwa kawaida nne, kila moja kama punje ya mchele. Ndizo parathairoidi. Richard Owen alizikuta kwa faru aliyekufa kwenye bustani ya wanyama ya London, watu hawakujali. Mwaka 1880 Ivar Sandström wa Uppsala, Sweden, aliyezigundua akiwa bado mwanafunzi wa udaktari, akaandika kwamba hata binadamu anazo. Kimya tena. Alifariki 1889, kabla kazi yake haijathaminiwa.

Waliolipia kimya hicho ni wagonjwa. Mtu anaondolewa goita, operesheni inakwenda vizuri, halafu siku chache baadaye misuli inakaza, vidole vinajikunja, wengine wanakufa. Kumbe tezi zile zilitolewa pamoja na goita! Mwaka 1909 MacCallum na Voegtlin, Marekani, wakaonyesha kilichopungua: mbwa asiye na parathairoidi akipewa kalsiamu, anatulia.

Kalsiamu ikishuka kwenye damu, tezi hizi zinamwaga homoni inayoichota mifupani, inayozuia figo isiipoteze kwenye mkojo, na inayoamsha vitamini D ili utumbo ufyonze zaidi. Ikipanda, zinapunguza kasi. Sasa fikiria moja iote uvimbe na igome kupunguza.

Ndiyo yaliyompata Charles Martell, kapteni wa meli wa Marekani. Mifupa ilivunjika hovyo, figo zikajaa mawe, na yeye akafupika karibu sentimita 18. Yaani mwili ulikuwa unamla mifupa. Kuanzia 1926 alipasuliwa shingo mara kwa mara, na uvimbe haukuonekana. Hata tezi nzima zilitolewa bure. Lakini tezi hizi huweza kushuka hadi kifuani mtoto akiwa bado tumboni mwa mama. Martell mwenyewe alisoma vitabu vya anatomia akawasisitizia madaktari wamtazame huko. Kwangu mimi, huyo ni mtafiti kama wengine.

Operesheni ya saba, Boston, 1932: kifua kikafunguliwa, uvimbe ukawa pale. Waliacha kipande kidogo makusudi, kalsiamu isije ikaanguka ghafla. Ikaanguka hata hivyo. Wiki chache baadaye Martell alifariki, baada ya kupasuliwa tena kwa sababu ya jiwe la figo.