Kifaa cha Kunyoosha Meno kwa Mtu Mzima: Udhu, Swala, Kisomo na Funga

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Shukrani zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na Swahaba zake. Ama baada ya hayo:

Tumekuwa tukiulizwa na watu wazima, wake kwa waume, waliopewa na daktari wa meno kifaa cha kunyoosha meno cha kuvaa na kuvua. Wengi wao hawaulizi asili ya dawa hii. Wanauliza mambo yanayowatia wasiwasi kila siku: Je, nikivue kila ninapotia udhu? Fatiha yangu inaswihi? Nikikivua mchana wa Ramadhani kisha nikakirudisha, funga yangu imeharibika? Mmoja wao, mwalimu wa chuo aliyepita miaka arubaini, alitwambia ameacha kusomesha kwa sababu anaona haya kuwasomea watoto Qur'ani ulimi ukiwa mzito.

Hilo ndilo lililotufanya tuandike. Nasi tumekivaa kifaa hiki baada ya kupita miaka hamsini, kwa hiyo baadhi ya tutakayoyasema tumeyaonja wenyewe.

Kifaa chenyewe

Vipo vya aina mbili vinavyojulikana zaidi. Cha kwanza ni kibao cha plastiki ngumu kinachokaa kwenye kaakaa au nyuma ya meno ya chini, chenye waya unaopita mbele ya meno. Cha pili ni ganda la plastiki jembamba linaloonyesha, lililotengenezwa kwa umbo la meno ya mtu mwenyewe. Hiki cha pili huja kwa seti. Kila ganda husogeza meno kiasi kidogo sana, kama robo ya milimita, kisha hubadilishwa baada ya wiki moja au mbili kwa kadiri daktari atakavyoelekeza.

Jino husogea kwa sababu mfupa unaolishika ni kiungo hai. Ukisukumwa taratibu, upande mmoja hupungua na upande wa pili hujijenga upya. Hilo hutokea kwa mtu mzima kama linavyotokea kwa kijana, ingawa kwa mtu mzima huenda likachukua muda zaidi na ni lazima fizi ziwe na afya kwanza. Sharti la kazi hii ni kuvaa. Kwa ganda la plastiki madaktari hutaka saa 20 hadi 22 kwa siku, na mtu hulivua kwa kula na kupiga mswaki. Matibabu yakimalizika hupewa kifaa cha kuyashikilia meno, mara nyingi cha kulalia, kwani yakiachwa hurudi yalikotoka.

Hukumu ya kunyoosha meno

Baadhi ya watu wanasita kwa sababu ya hadithi ya Abdullah bin Masud (R.A.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, inayowalaani wanawake wanaotenganisha meno yao kwa ajili ya uzuri na kubadilisha maumbile ya Mwenyezi Mungu. Imamu Nawawi, katika sherehe yake ya Sahihi Muslim, ameeleza kuwa katazo limefungwa na sababu iliyotajwa, nayo ni kutafuta uzuri. Ama mwenye kuhitajia hilo kwa matibabu au kwa aibu iliyopo katika jino, hapana ubaya.

Ushahidi mwengine ni kisa cha Arfaja bin Asad (R.A.), kilichopokewa na Abu Daud, Tirmidhi na Nasai. Pua yake ilikatika vitani zama za Ujahiliya, akaweka pua ya fedha, ikamletea harufu mbaya. Mtume (S.A.W.) akamwamuru aweke ya dhahabu. Dhahabu ni haramu kwa mwanamme, lakini iliruhusiwa kwa haja. Wanavyuoni wakapata hapo ruhusa ya kufunga meno kwa dhahabu. Na Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 18 kilichofanyika Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, liliruhusu upasuaji wa kurekebisha kasoro za kuzaliwa na zilizozuka baadaye, na kukataza ule wa kujipamba tu unaobadilisha umbo lililo sawa.

Kwa hiyo mwenye meno yaliyobanana hata hayasafishiki, au yasiyokutana vizuri wakati wa kutafuna, au yaliyopinda mpaka ikawa aibu inayomuumiza, anaruhusika kuyanyoosha, na umri si kizuizi. Mwenye meno mazima yaliyo sawa, anayetaka yafanane na ya mtu aliyemwona kwenye picha, huyo na aache. Na kwa vile matibabu haya ni ghali, asiingie mtu katika mkopo wa riba kwa ajili yake.

Wiki za mwanzo

Siku mbili tatu za mwanzo meno huuma kwa kubanwa, na hali hiyo hurudi kidogo kila ganda jipya linapovaliwa. Mate huwa mengi, kwa sababu mdomo unakidhania kifaa kuwa ni chakula. Ulimi hujikwaa. Ukingo wa plastiki ukikwaruza shavu au ulimi, usiukate kwa kisu nyumbani. Mrudie daktari aulainishe. Mengi ya haya hupungua ndani ya wiki mbili au tatu.

Linalowashinda wengi ni haya. Mtoto wa skuli akivaa waya za meno watu huona ni kawaida, lakini mtu mwenye wajukuu akizungumza na sini yake ikapiga mluzi, barazani watacheka. Nasi tulichekwa, na kicheko hicho kilikwisha kabla ya wiki ya pili. Mgonjwa anayejitibu hana la kuonea haya, kwani Mtume (S.A.W.) ametuamrisha tujitibu.

Udhu na josho

Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, kusukutua ni sunna katika udhu na katika josho. Kwa hiyo udhu wa aliyebaki na kifaa mdomoni unaswihi, na sunna yenyewe hupatikana kwa maji kuingia mdomoni. Hana haja ya kukivua mara tano kwa siku kwa ajili hiyo.

Kwenye josho la janaba, hedhi au nifasi tunamnasihi akivue. Kwetu si wajibu, lakini kwa Mahanafi kusukutua katika josho ni faradhi, na kwa Mahanbali ni wajibu katika udhu na josho. Kutoka katika hitilafu za wanavyuoni ni jambo linalopendeza, na hapa ni kazi ya nusu dakika.

Fizi zikitoka damu hukumu ni nyengine. Damu ni najisi, na ndani ya mdomo kunapasa kukoshwa kwa najisi. Atakivua, atasukutua, atakikosha kifaa, kisha ataswali.

Swala na kisomo

Hapa ndipo penye uzito. Kuwa na kitu mdomoni kisichoyeyuka hakubatilishi swala. Lakini Fatiha ni nguzo, na mwenye uwezo wa kuitamka sawasawa akibadilisha herufi moja kwa nyengine, kisomo cha neno hilo hakiswihi mpaka alirejee.

Herufi zinazosumbuliwa na kifaa ni zile ambazo ncha ya ulimi hukutana na meno ya mbele au hupita karibu nayo. Tha, dhali na dhaa hutoka ncha ya ulimi ikigusa ncha za meno ya juu. Sini, swadi na zai ni herufi za mluzi. Na fa huhitaji ncha za meno ya juu juu ya mdomo wa chini. Katika Fatiha haimo tha, wala zai, wala dhaa, wala fa. Ya kuangaliwa zaidi ni dhali ya "alladhiina", sini ya "nastaiin" na "mustaqiim", na swadi ya "swiraatw". Mwenye kibao cha kaakaa aangalie pia dhadi ya "maghdhuubi" na "dhaalliin", kwa kuwa ubavu wa ulimi hubanwa.

Siku ya tatu ya kuvaa tulimkalisha mbele yetu mwanafunzi wetu wa tajwidi, tukamsomea Fatiha mara mbili, na kifaa na bila kifaa. Alisita, kisha akasema, "Maalim, dhali imekuwa zai." Sisi wenyewe tulikuwa hatuisikii. Tangu hapo tukawa tunakivua kila swala, na kila siku tukimsomea tena, mpaka wiki ya nne aliposema imerudi mahala pake.

Basi kila mvaaji na afanye hivyo: aisome Fatiha mbele ya anayejua tajwidi. Ikiwa herufi zinatoka sawa, aswali nacho bila wasiwasi. Ikiwa herufi inageuka nyengine, akivue kwa kila swala mpaka ulimi uzoee. Hana udhuru wa kusema ni maradhi, kwa sababu dawa yake iko mkononi mwake. Hayuko sawa na mwenye waya zilizogandishwa kwenye meno. Ikiwa herufi ni sahihi ila kuna mluzi mdogo tu, swala yake ni sahihi.

Wengine huhofia kuwa kukivua kutaharibu matibabu. Tupige hesabu. Daktari akitaka saa 22, zinabaki saa 2. Milo mitatu ya dakika 25 ni saa moja na robo. Zinabaki dakika 45, nazo zinatosha swala tano za faradhi za dakika tisa tisa. Ni hesabu ya kubana, lakini inaenea kwa asiyekaa kwenye kahawa na kashata huku kifaa kimo mfukoni.

Uimamu na kusomesha

Imamu ambaye kifaa kinamgeuzia herufi ya Fatiha haijuzu kuswalisha nacho. Akivue, au amtangulize mwengine. Kadhalika mwalimu wa Qur'ani asisomeshe akiwa nacho katika wiki hizo, kwani watoto huchukua herufi mdomoni mwa mwalimu. Lakini asiache kusomesha. Akivue wakati wa darsa, akiweke kwenye kikasha, na akimaliza akirudishe.

Funga

Kukaa na kifaa mdomoni hakufunguzi. Mate safi yakiwa mdomoni, hata yakizidi, kuyameza hakudhuru.

Mas-ala yako kwenye kukivua na kukirudisha. Imamu Nawawi katika Minhaj ametaja mtu aliyelowesha uzi kwa mate yake, kisha akaurudisha mdomoni ukiwa na unyevu unaobanduka, akaumeza unyevu huo: amefungua. Sababu ni kuwa mate yakishatoka mdomoni huwa kama kitu chengine cha nje. Kifaa kilichovuliwa kikiwa kimelowa mate kinafanana na uzi ule. Kwa hiyo mwenye kufunga akikivua, akikoshe, akikung'ute, akikaushe kwa kitambaa safi, ndipo akirudishe. Akifanya hivyo hapana tatizo.

Mabaki ya chakula ayaondoe baada ya daku, kabla ya alfajiri, kwa mswaki na uzi wa meno. Kilichobaki kikateremka na mate bila ya kukusudia, naye hakuweza kukibagua na kukitema, hakimfunguzi. Damu ya fizi aiteme na asukutue asiimeze. Na aliyezidiwa nayo kiasi cha kutoweza kujihadhari, baadhi ya wanavyuoni wa Kishafii wamemsamehe.

Ramadhani ni mwezi mwepesi kwa kifaa hiki, kwa kuwa mchana hakuna mlo. Muda uliookolewa mchana unatosha kukivua kwa futari, tarawehe na daku.

Usafi na adabu

Kikoshe kwa maji ya baridi au ya uvuguvugu, kwa mswaki laini na sabuni kidogo. Maji ya moto hukipinda kikawa hakiingii tena, na dawa ya meno yenye chenga hukikwaruza. Usinywe chai wala kahawa ukiwa nacho. Joto litakiharibu na rangi itashika. Sukari ya halwa na tende ikibanwa baina ya plastiki na jino huozesha, basi sukutua kabla ya kukirudisha. Usipokisafisha kitanuka, nasi tunajua kuwa Mtume (S.A.W.) alimkataza aliyekula kitunguu na thomu kuukaribia msikiti kwa sababu ya harufu.

Ukialikwa hitma au harusini, kivue pembeni kabla ya kunawa. Kitie kwenye kikasha chake, usikifunge kwenye karatasi laini ukaiweka kando ya sinia. Wanaosafisha hawajui kilichomo, na kifaa cha pesa nyingi huishia jaani.

Muhtasari

Matibabu yanaruhusiwa kwa mwenye haja. Udhu unaswihi nacho. Josho ni bora ukivue. Katika swala, Fatiha ndiyo kipimo. Katika funga, kikaushe kabla ya kukirudisha. Na mwalimu yule tulimjibu kwa ufupi: rudi chuoni kwako kesho, beba kikasha. Amerudi, alhamdulillah.

Wallahu aalam.