Kiswahili Kabla ya Wanajeshi: Tuliyoyakuta katika Hifadhi za Kidijitali za Vyuo Vikuu

Kila mwaka wa masomo unapoanza, sisi tunaofundisha Kiswahili hapa Kampala huwauliza wanafunzi wetu wapya swali moja: Kiswahili kilifika lini Uganda? Majibu hayabadiliki sana. Wengi husema kililetwa na askari wa Idi Amin. Wengine husema kilikuja na jeshi la Tanzania mwaka 1979. Mara chache hutokea mmoja, aghalabu mtoto wa mfanyabiashara, akataja misafara ya pwani, na wenzake humtazama kama aliyekosea darasa.

Hatuwalaumu. Hivyo ndivyo walivyosikia nyumbani, na walimu wenzetu wanajua jinsi ilivyo kazi kufundisha lugha ambayo mwanafunzi ameikuta tayari imehukumiwa. Miaka michache iliyopita mwanafunzi wetu mmoja wa shahada ya kwanza alituletea pendekezo la utafiti lililojengwa juu ya hukumu hiyohiyo: Kiswahili kama lugha ya bunduki. Pendekezo liliandikwa vizuri, ila halikuwa na waraka hata mmoja wa kabla ya mwaka 1971. Tulimrudishia na kumtaka akae mbele ya kompyuta kwa mwezi mmoja, apekue hifadhi za kidijitali za vyuo vikuu, kisha arudi. Makala haya yametokana na mwezi ule, maana nasi ilitubidi tupekue pamoja naye.

Jambo la kwanza tulilojifunza ni kwamba sisi walimu wa Kiswahili tuna mazoea mabaya. Tukisikia neno hifadhi, tunafikiria tenzi. Kwa kweli tenzi zipo, na ni hazina. Orodha ya miswada ya Kiswahili ya SOAS, London, ambayo marehemu Mwalimu Yahya Ali Omar wa Mombasa alichangia ujuzi wake, imewafungulia wengi mlango wa karatasi za W. E. Taylor na wakusanyaji wengine. Lakini historia ya lugha haimo katika ushairi tu. Imo katika barua za wamisionari, katika sheria, katika waraka wa gavana aliyekasirika, na hata katika majalada ya hospitali.

Tuanze na barua. Kumbukumbu za Church Missionary Society zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Birmingham, na sehemu kubwa imekwisha kupigwa picha. Wamisionari wa kwanza wa jumuiya hiyo walifika kwa Kabaka Mutesa mwaka 1877, na lugha waliyoitegemea mwanzoni kuzungumza na watu wa ikulu ilikuwa Kiswahili. Haikuwa bahati. Mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alikuwa amefika Buganda mwaka 1844, enzi za Kabaka Suna. H. M. Stanley alipopita mwaka 1875, alimwacha kwa Mutesa kijana Dallington Maftaa, aliyesomeshwa Zanzibar, awe msomaji na mwandishi wake. Kwa hiyo, Kiswahili kiliingia Buganda kwa mlango wa ikulu, mikononi mwa mfanyabiashara na mwenye kalamu. Asiyeamini na asikilize Kiganda chenyewe: ekitabo, ekkalaamu, ebbaluwa, essaawa. Mwanafunzi wetu, ambaye ni Mganda, alicheka alipoona orodha hiyo. Alisema amekuwa akizungumza Kiswahili tangu utotoni bila kuambiwa.

Basi chuki ilitoka wapi? Hapa ndipo nyaraka zinapokuwa na uhondo, na hapa tungependa kukaa kidogo.

Mwaka 1927 Gavana William Gowers aliandika waraka akipendekeza Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya elimu na ya utawala katika Himaya ya Uganda. Hoja zake zilikuwa za mtawala: lugha nyingi ni gharama, na lugha moja hurahisisha kazi. Upinzani ulikuja kutoka pande mbili ambazo kwa kawaida hazikukaa meza moja. Kabaka Daudi Chwa alitoa tamko mwaka 1929 akikataa Kiswahili kifanywe lugha rasmi mahali pa Kiganda. Maaskofu, Waanglikana kwa Wakatoliki, nao walipinga. Wamisionari walikuwa wamekwisha kutafsiri Biblia na vitabu vya sala kwa Kiganda, na wengi wao walikiona Kiswahili kuwa lugha iliyobeba Uislamu.

Lakini ukisoma nyaraka hizi kwa utulivu unaona kwamba lugha ilikuwa kifuniko tu cha chungu. Kilichokuwa kikichemka ndani ni ardhi. Miaka ileile Waingereza walikuwa wakijadili kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika chini ya utawala mmoja, na Waganda waliwaona walowezi wa Kenya nyuma ya mpango huo. Mwaka 1931 wajumbe wa Uganda, akiwemo Serwano Kulubya, walisafiri hadi London kutoa ushahidi wao mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza. Aliyekataa Kiswahili mwaka 1929 hakuwa lazima anaichukia lugha; alikuwa analinda shamba lake. Tunadhani jambo hili halisemwi vya kutosha madarasani, na sisi wenyewe kwa miaka mingi hatukulisema.

Kuhusu ardhi hiyo, inafaa mwanafunzi wa lugha asome pia Mkataba wa Buganda wa tarehe 10 Machi 1900. Ni hati ya kisheria, kavu kama mkaa, lakini ndiyo iliyogawa nchi kwa maili za mraba na kutupatia neno mailo, ambalo hadi leo ni jina la aina ya umilikaji wa ardhi. Ndani yake kuna kodi ya nyumba ya rupia 3 na kodi ya bunduki ya rupia 3. Neno moja la vipimo na neno moja la fedha yatosha kuendesha kipindi kizima cha etimolojia.

Njia ya kisheria ya Kiswahili chenyewe ni fupi, nasi huwapa wanafunzi waifuate hatua kwa hatua: amri ya Idi Amin ya mwaka 1973 iliyokifanya lugha ya taifa, Katiba ya mwaka 1995 iliyokitaja Kiingereza peke yake kuwa lugha rasmi, marekebisho ya mwaka 2005 yaliyokifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, itumike katika hali zitakazowekwa na Bunge kwa sheria, kisha uamuzi wa Baraza la Mawaziri wa mwaka 2022 kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Tunawaomba wanafunzi wakisome kile kipengele cha mwaka 2005 mara mbili. Mara ya kwanza hufurahi. Mara ya pili huuliza hiyo sheria ya Bunge iko wapi.

Kuna kejeli nyingine ambayo wengi hawaijui. Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, ile iliyoanzishwa mwaka 1930 kusanifisha lugha, ilihamia Makerere mwaka 1952 na ikakaa hapo hadi mwaka 1962, kabla ya kwenda Mombasa na hatimaye Dar es Salaam, ambako ilikuja kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Yaani kwa miaka kumi makao ya Kiswahili sanifu yalikuwa juu ya kilima chetu, huku shule nyingi zilizozunguka kilima hicho zikiwa hazikifundishi! Anayetaka kuona wasomi wa Uganda walijadili nini katika miaka hiyo na asome matoleo ya Uganda Journal, jarida lililoanza mwaka 1934, ambayo yamewekwa katika hifadhi ya kidijitali ya Chuo Kikuu cha Florida.

Sasa tuingie hospitalini. Maktaba ya Albert Cook, katika kitivo cha tiba cha Makerere, hutunza majalada ya wagonjwa wa Hospitali ya Mengo kuanzia mwaka 1897, na majalada hayo yametiwa katika mfumo wa kidijitali. Hatudai kuwa ni nyaraka za Kiswahili, kwani Cook aliandika kwa Kiingereza na alizungumza na wagonjwa wake kwa Kiganda. Tunayataja kwa sababu yanaonyesha waraka uliotunzwa unaweza kufanya nini. Mwaka 1958 daktari wa upasuaji Denis Burkitt alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya kwa watoto, aliouona Mulago. Swali likazuka: je, huu ni ugonjwa mpya? Mwaka 1964 J. N. P. Davies na wenzake, akiwemo Raphael Owor, walichapisha uchambuzi wa saratani kutoka kumbukumbu za Mengo za mwaka 1897 hadi 1956. Ugonjwa ule ulikuwamo tangu miaka ya mwanzo, umeandikwa na daktari ambaye hakuwa na jina la kuupa. Ushahidi ulikaa kabatini nusu karne ukimngojea msomaji.

Kwa mwanafunzi wa isimu majalada haya ni shamba la istilahi. Cook alichapisha msamiati wa tiba wa Kiganda mwaka 1903, wakati ambapo ugonjwa uitwao mongota kwa Kiganda na malale kwa Kiswahili ulikuwa ukiua watu wa mwambao wa ziwa na visiwa vyake. Waliokufa katika miaka ile walipita 200,000. Walimu wa tafsiri, jaribuni kumpa mwanafunzi ukurasa mmoja wa dalili autafsiri. Ila tahadhari moja: majalada yana majina ya watu. Aliyelazwa mwaka 1910 ana wajukuu mjini humu. Sisi hufuta majina kabla ya kuupeleka ukurasa darasani, na tunaona kila mwalimu afanye hivyo.

Waraka uliotuvutia kuliko yote haukutoka Uganda, ulitoka kwa majirani. Katika hifadhi ya Kiswahili cha watu wa kawaida iliyoanzishwa na Johannes Fabian na Vincent de Rooij katika Chuo Kikuu cha Amsterdam, kuna maandishi yaitwayo Vocabulaire ya mji wa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Jina linadanganya. Tulidhani ni kamusi, nusura tulipite. Kumbe ni historia ya Katanga, iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965 kwa niaba ya watu waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wabelgiji: wapishi na maboi wakisimulia jinsi mji ulivyojengwa na nani alitendewa nini. Kimeandikwa kwa Kiswahili cha Katanga kama kinavyosikika, maneno yameshikana na alama za uandishi ni chache. Fabian alipokihariri kwa ajili ya kitabu chake cha mwaka 1990, ilibidi Kalundi Mango, mwenyeji wa lugha hiyo, akisome kwa sauti ndipo sentensi zikajitenga na maana ikatoka.

Nasi tulifanya vivyo hivyo darasani. Mwanafunzi mmoja kutoka Bukavu alisoma kwa sauti, na wale waliokuwa wakisahihisha kila neno kwa kalamu nyekundu waliziweka kalamu chini.

Yapo matatizo, na tusingekuwa wakweli kama tungeyaficha. Ukisaka neno Kiswahili, mara nyingi hupati kitu, kwa sababu waliotengeneza orodha waliandika Suaheli, Kisuahili, Swahili au Kingwana, kila mmoja kwa lugha na zama zake. Sisi tumebandika ukutani karatasi yenye tahajia hizo zote. Isitoshe, kompyuta inayosoma maandishi yaliyochapwa zamani huharibu ng' na kugawa maneno marefu vipande, hivyo ni lazima kuangalia picha ya ukurasa wenyewe. Umeme nao mnaujua. Lakini lililotuuma zaidi ni mkusanyo mmoja wa ng'ambo ambao karatasi zake nyingi ziliandikwa umbali wa kutembea kwa miguu kutoka ofisini kwetu, na ambao ulitudai ada tusiyoweza kuilipa. Tuliandika barua mbili. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwa upole, tukaonyeshwa tena ukurasa wa malipo.

Mwanafunzi wetu alirudi baada ya wiki sita badala ya nne. Pendekezo lake lilikuwa limebadilika kichwa: sasa alitaka kuchunguza kwa nini tamko la Kabaka la mwaka 1929 lilisahauliwa na askari wa mwaka 1971 wakakumbukwa. Alikuwa na nyaraka kumi na moja. Tulipomuuliza kama nyumbani wameafiki utafiti huo, alisema babu yake, ambaye hakuwahi kumsikia akizungumza Kiswahili hata siku moja, alisoma ukurasa wa kwanza wa rasimu yake kwa sauti, pasipo kukwama, kisha akamsahihisha ngeli mbili.